Ng'ombe Anayejulikana kwa Pembe

Katika misiba ya ajali za barabarani hapa Kirumba, Mwanza, hufika wakati mtu akasimama mbele ya jeneza na kusema kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Waombolezaji huitikia, na wafiwa hupata nguvu kidogo. Mimi ni fundi magari, tena ni mzee wa kanisa, na kwa miaka sasa neno hilo hunikwama kooni. Si kwamba sina imani. Naamini Mungu hakosei. Ndiyo maana naona uchungu tunapomwandikia Yeye kazi ambayo mkono wake haukuifanya: breki iliyokwisha tangu mwezi uliopita, tairi lililopasuka kwa uzee, dereva aliyeendesha usiku kucha kwa sababu tajiri alitaka mzigo ufike alfajiri.

Gereji yangu iko njia ya kushukia Mwaloni. Anayelijua soko lile anajua magari yanayotoka pale: malori yaliyopakia magunia ya dagaa na mafurushi ya kayabo, yanayokwenda Kongo, Burundi, Rwanda na mikoa mingine ya nchi yetu. Kayabo ni samaki wa chumvi, na chumvi haina huruma na chuma. Maji yake yanadondoka kwenye chesisi safari baada ya safari, yanakula mabomba membamba yanayopeleka mafuta ya breki kwenye magurudumu ya nyuma. Kwa nje bomba linaonekana zima. Ukilifuta kwa kitambaa unakuta kutu imelila mpaka limebaki jembamba kama karatasi. Siku dereva atakapokanyaga breki kwa nguvu zote, kwenye mteremko, na tani kadhaa nyuma yake, ndiyo siku litakayopasuka. Pedali itazama hadi chini na gari halitasimama. Magazeti yatasema breki zilifeli. Breki hazikufeli siku ile. Zilikuwa zinakufa kwa miezi, na chini ya lori hakuna aliyeingia kuangalia.

Mwaka mmoja, siku chache kabla ya Krismasi, alikuja mwenye Hiace iliyokuwa ipeleke familia na majirani Musoma. Nilifungua gurudumu la mbele nikakuta pedi zimekwisha kabisa, chuma kinasaga chuma, diski ina mifereji. Mafuta ya breki yalikuwa meusi. Nikamweleza kwamba mafuta yale hunyonya unyevu wa hewani kadiri yanavyokaa, na yakishachanganyika na maji huchemka mapema breki zikipata moto. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke hubonyea, na nguvu ya mguu haifiki kwenye gurudumu. Akasikiliza vizuri, kisha akasema, "Mzee, hela yote imeingia kwenye sikukuu. Nifungie hivyo hivyo, tukirudi nitatengeneza. Tutaomba kabla ya kuondoka, Mungu atatufikisha." Nilimjibu, "Mwanangu, sifungi." Alikasirika, akafungiwa na fundi mwingine, na tangu hapo hajarudi kwangu. Walifika Musoma salama. Wapo wanaolitumia jambo hilo kama ushahidi kwamba mimi ndiye niliyepungukiwa na imani.

Basi swali ninalolibeba ni hili: ombi la namna ile ni ombi gani? Mtu anajua hatari, ana uwezo wa kuiondoa au walau wa kuahirisha safari, kisha anamwomba Mungu asimamie kile alichokataa kukisimamia mwenyewe. Katika Injili ya Mathayo, shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu akamtaka ajitupe, kwa kuwa imeahidiwa kwamba malaika watampokea. Ahadi ilikuwa ya kweli, Maandiko yalikuwa ya kweli, na bado Yesu alikataa, akasema kwamba huko ni kumjaribu Mungu. Mimi sioni tofauti kati ya kinara kile na Hiace ile, ila kwamba kwenye Hiace kuna watoto wa watu ambao hawakuulizwa. Jirani yangu Mwislamu, anayeuza spea mkabala na gereji, huniambia kwamba kwao jambo hili lilishaamuliwa zamani: bedui alimuuliza Mtume kama amfunge ngamia wake au amwache na kumtegemea Mungu, akaambiwa amfunge kwanza, kisha ategemee. Tunakubaliana hapo bila mjadala.

Lakini andiko lililoninyoosha zaidi haliko kwenye Injili. Liko katika kitabu cha Kutoka, sura ya 21, katikati ya sheria ambazo wahubiri wengi huziruka. Ng'ombe akimpiga mtu kwa pembe akafa, ng'ombe huyo auawe, na mwenyewe hana hatia. Ila kama ng'ombe yule alikuwa na tabia ya kupiga tangu hapo, na mwenyewe alionywa, wala hakumfungia, basi damu ya aliyekufa inamdai mwenye ng'ombe. Mimi nimekulia Magu, kwenye zizi, na sheria hii sikuhitaji kufafanuliwa. Marehemu baba yangu alikuwa na dume lililokuwa likivizia watu. Alilikata ncha za pembe, na lilipoendelea alilipeleka mnadani lichinjwe, ingawa lilikuwa dume zuri na tulikuwa tunalihitaji. Alisema hawezi kulala na ng'ombe anayejulikana.

Tazama jinsi sheria ile ilivyo ya haki. Haisemi kila ajali ina mkosaji. Inakubali kabisa kwamba lipo tukio lisilotabirika, ambalo halina wa kulaumiwa. Kinachobadilisha hukumu ni kujua. Mwenye gari akishaambiwa na fundi kwamba balijointi imelegea na gurudumu linaweza kuchomoka, ng'ombe wake anajulikana. Akishaona namba nne za mwisho kwenye ubavu wa tairi, zinazotaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, akakuta tairi la mtumba alilouziwa lina umri mkubwa na mpira umeanza kufanya nyufa, hawezi tena kusema ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya kweli kwa asiyejua. Kwa anayejua ni kichaka cha kujificha.

Sisi wa Mwanza hatukupaswa kusubiri sheria ya Musa itufundishe. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kufika hapa, ikiwa imejaza watu na mizigo kupita kiasi, na makaburi ya mamia yao yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 200. Kati ya misiba hiyo miwili ilipita miaka 22. Nilisikia kazi ya Mungu haina makosa katika yote miwili, na katika yote miwili kulikuwa na hesabu ambayo binadamu aliiona na kuiruka.

Najua jibu litakalokuja, nalo ni zito: mbona wanaotengeneza magari yao nao hufa? Hufa. Nimemzika dereva aliyekuwa mwangalifu kuliko wote niliowahi kuwafahamu. Aligongwa akiwa amesimama pembeni mwa barabara. Hapa sitaki kumfanya fundi kuwa mganga wa kinga. Katika Luka 13 Yesu anataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na anakataa katakata kwamba walikuwa wakosefu kuliko wengine wa Yerusalemu. Kwa hiyo sikubali mtu aseme aliyepata ajali alikuwa na dhambi, wala kwamba kona fulani inataka damu na inahitaji kafara. Kona ile ina mteremko, ina mchanga, na madereva huiingia kwa mwendo wasioumudu. Matengenezo si malipo ya kumnunua Mungu. Ni wajibu, na wajibu unabaki wajibu hata usipokuletea faida.

Tena ni wajibu kwa nani? Hapa ndipo ninapotofautiana na matangazo mengi ya usalama, yanayomwambia mtu atengeneze gari ili ajiokoe. Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, inamwamuru anayejenga nyumba aweke ukuta mdogo kuzunguka dari yake, mtu asije akaanguka. Ukuta ule si wa mwenye nyumba, kwa kuwa yeye anajua dari inaishia wapi. Ni wa mgeni. Breki zangu nazo ni za yule mama anayevuka barabara ya Makongoro na beseni la samaki, ambaye sitamjua jina kamwe.

Sura hiyo hiyo, mistari michache kabla, inasema ukimwona punda wa ndugu yako ameanguka njiani, usijifanye huoni, msaidie kumwinua. Kutoka 23 inakwenda mbali zaidi: hata akiwa punda wa mtu anayekuchukia. Hakuna andiko linalofaa zaidi barabara ya kwenda Shinyanga saa nane usiku.

Nataka nikae kidogo hapa, maana barabarani ndipo dini yetu inapoonekana. Gari likikufia, jambo la kwanza si injini. Livute kushoto nje ya lami kadiri linavyoweza kwenda, washa taa za tahadhari, shusha abiria na uwapeleke mbali na barabara, wasikae ndani wala wasisimame nyuma ya gari. Pembetatu iweke mbali, sehemu ambayo mwenye lori ataiona na kupata nafasi ya kupunguza mwendo. Wengi wetu hukata matawi ya miti na kuyapanga barabarani, na kila dereva wa Tanzania anayaelewa. Ni sawa, yanasaidia, ingawa usiku tawi haling'ai. Injini ikiwa imechemsha, usiguse mfuniko wa rejeta hata kama una haraka ya namna gani. Maji yaliyofungiwa humo kwa presha yamepita nyuzi 100, na ukiufungua yanakurukia usoni kwa pamoja. Nimeona ngozi ya kijana ikibabuka kwa ajili ya dakika ishirini alizokataa kusubiri.

Halafu kuna mawe. Mwanza hatuna uhaba wa mawe; gari likikwama mlimani utingo anaokota mawili makubwa na kuzuia magurudumu. Gari likipona wanapanda na kuondoka, mawe yanabaki kwenye lami. Baada ya saa moja anakuja mwenye pikipiki. Kwangu hili ni dhambi yenye sura kamili: mtu amesaidiwa, amemshukuru Mungu kwa sauti, na shukrani yake imemwachia mwenzake kifo njiani.

Na vipi anayepita? Kisa cha Msamaria tunakihubiri kila mwaka, tukiwalaumu kuhani na Mlawi. Kitu tunachokiacha ni mizigo ya Msamaria. Alikuwa na mafuta, alikuwa na divai, alikuwa na mnyama mwenye nguvu za kubeba mtu wa pili, na fedha za kumwachia mwenye nyumba ya wageni. Alitoka nyumbani akiwa amejiandaa. Angekuwa mikono mitupu, huruma yake ingeishia kwenye kumsikitikia yule majeruhi. Ndiyo maana namwambia kila mteja wangu kwamba jeki nzima, wili spana inayofaa nati zake, kamba ya kuvutia, tochi, maji na glavu za kuzuia damu si mali yake peke yake. Huruma isiyo na jeki haimtoi mtu porini.

Hofu ya kusimama usiku naielewa. Kuna majambazi wanaojilaza njiani, na barabara ya Yeriko nayo ilikuwa na wanyang'anyi. Wapo pia wanaoogopa kumchukua majeruhi wasije wakageuka watuhumiwa mbele ya polisi. Simlazimishi mama aliye peke yake na watoto asimame gizani. Ila hana ruhusa ya kupita kama ambaye hakuona. Apige 112, au asimame kwenye senta inayofuata aseme mahali alipoliona gari. Dakika hizo chache nani wa kumnyima mwenzake?

Upande wa pili wa kusimama ni ule wa Msamvu, Morogoro. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, moto ukalipuka, wakafa zaidi ya 100. Sitawahukumu marehemu wale, umaskini nimeuishi. Nasema tu kwamba punda alikuwa ameanguka, na tulikuwa tumeshazoea kwa muda mrefu kuona mzigo wake kabla ya kumwona dereva. Mazoea hayo yapo hata hapa, lori la soda au la samaki linapoanguka. Makanisa na misikiti yetu imeyanyamazia.

Mafundi wenzangu nao nawaambia: anayemfungia mtu pedi bandia kwa bei ya halisi anashiriki damu ya ng'ombe yule, kwa kuwa yeye ndiye pekee aliyeziona pembe zake.

Ombi langu ni kwenu wachungaji, mapadre na masheikh mnaoitwa kuombea magari. Desemba inapokaribia mnaitwa sana, na ni jambo jema. Kabla ya kunyoosha mikono, muulizeni mwenye gari breki zake zilifunguliwa lini na nani, matairi yana umri gani, na kama ndani kuna jeki na pembetatu. Asipokuwa na majibu, mrudisheni gereji kwanza. Akirudi akiwa ametengeneza, mwombeeni.