Wanafunzi wa Mwalimu Mmoja

Masika yakikolea Arusha, Mlima Meru hupotea. Mgeni anaweza kukaa Sakina wiki mbili asijue kama nyuma ya nyumba kuna mlima. Ni Aprili na Mei, matope kila mahali, na misiba huonekana kuwa mingi kuliko miezi mingine. Huenda si mingi. Huenda tunaikumbuka tu kwa sababu ya kukaa chini ya turubai linalovuja, kiti cha plastiki kikizama taratibu upande mmoja.

Majira hayo hayo Wayahudi duniani wako katika hesabu. Tangu usiku wa pili wa Pasaka yao wanahesabu siku 49, jioni hadi jioni, mpaka sikukuu ya Shavuoti. Hesabu hiyo wanaiita Omeri, na sehemu yake kubwa ni ya maombolezo: hawafungi ndoa, hawanyoi nywele, muziki unanyamaza. Siku ya 33 wanapumua, wanakoka mioto nje na watoto wanacheza. Mambo haya hayako mbali nasi kama unavyoweza kudhani. Hapa mjini ipo jumuiya ndogo ya Wayahudi wanaosimulia kwamba wazee wao walitoka Yemen. Na ukienda Tengeru, kwenye makaburi ya wakimbizi wa Kipolandi walioletwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, utakuta Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi wamelazwa pamoja.

Wanaoombolezwa katika Omeri ni wanafunzi wa Rabi Akiva, mwalimu mkubwa wa karne ya pili. Talmudi, kitabu chao kikubwa cha mafundisho, inasema alikuwa na wanafunzi 24,000, na wote walikufa kati ya Pasaka na Shavuoti. Sababu inayotajwa ni fupi mno: hawakuheshimiana. Haisemwi kwamba walipigana wala kwamba waliibiana. Ugonjwa wenyewe ulikuwa wa koo. Hapo msomaji ajazie mwenyewe. Na huyu Akiva ndiye aliyefundisha kwamba amri ya kumpenda jirani yako kama nafsi yako ndiyo kanuni kuu ya Torati. Kwa hiyo hakuna aliyekufa kwa kukosa somo. Walilisikia wote, tena kinywani mwa mwalimu.

Wapo wanahistoria wanaodhani vijana hao walikufa katika uasi wa Bar Kokhba dhidi ya Warumi, miaka ya 132 hadi 135. Kama ni hivyo, basi jambo hili linanishangaza maradufu. Warumi walikuwepo, wana panga mkononi, wanalaumika kirahisi kabisa. Wazee waliosimulia kisa hiki wakawaacha Warumi kando, wakauliza vijana wetu walikuwa wanatazamanaje kabla ya kufa. Sijui ni jamii ngapi zingethubutu kuuliza hivyo juu ya marehemu wao. Sisi marehemu akishalala tu, ghafla anakuwa mtu wa watu.

Huzuni kubwa Arusha tunaiweza. Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2017 basi dogo la wanafunzi wa Shule ya Lucky Vincent liliporomoka korongoni huko Rhotia, Karatu. Walikufa watoto 32, walimu wawili na dereva. Siku mbili baadaye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid ulijaa, majeneza yamepangwa mstari, na hakuna aliyemwuliza jirani yake anasali wapi. Watoto watatu walionusurika walipelekwa Marekani kutibiwa na watu ambao hawakuwa na undugu nao. Nimepiga hesabu ya Kiyahudi: siku ile ya ajali ilikuwa ya 25 katika Omeri. Sisemi ilikuwa na maana yoyote. Ninachosema ni kwamba umoja wa siku kama ile huja wenyewe, haumgharimu mtu hoja yake wala kiburi chake. Swali la Omeri linahusu siku nyingine, zile ambazo hakuna jeneza uwanjani.

Na hizo tunazijua vizuri zaidi hapa kwenye miteremko ya Meru kuliko tunavyopenda kukiri. Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwafukuza Wameru katika ardhi yao ya Ngarenanyuki ili iwape walowezi wa Kizungu. Wameru walichangishana fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York kuwasemea. Watu wa kahawa na migomba, wakati huo, wakamfikisha mtu wao New York! Ukitaka mfano wa umoja, huna haja ya kwenda mbali.

Haikupita miaka 40 kamili, watu hao hao, au watoto wao, wakashikana mashati juu ya dayosisi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Walutheri wa Meru waligawanyika: wajitenge au wasijitenge na Dayosisi ya Kaskazini yenye makao yake Moshi, na kama ni kujitenga, wajitenge vipi na chini ya nani. Nyumba zilichomwa. Migomba ilifyekwa, na kwa Mmeru kufyekewa migomba ni kama kuambiwa usile tena. Pande zote mbili zilibatizwa ubatizo mmoja, zikaimba kutoka kitabu kimoja cha nyimbo, na wengine waliunganishwa na damu. Wanafunzi wa mwalimu mmoja.

Mama mmoja wa Nkoaranga, jirani wa ukoo wetu, aliwahi kunisimulia mgogoro ule ulivyokuwa kwake. Shemeji yake alifiwa na mtoto, na shemeji huyo alikuwa wa upande wa pili. “Mwanangu,” aliniambia huku akimenya ndizi za mtori, wala hakuinua macho, “nilipika makande sufuria nzima, nikaifunga kwa kanga, nikafika mpaka kwenye mfereji. Nikaona waliokaa pale getini ni akina nani. Nikarudi nayo. Tukala wenyewe siku mbili.” Sikumwuliza ladha yake.

Chakula cha msibani kina nafasi ya pekee kwa Wayahudi pia. Mfiwa akirudi makaburini, mlo wake wa kwanza hautakiwi kuwa wa jikoni kwake. Lazima utoke kwa majirani. Kisha anakaa chini siku saba, mlango uko wazi, na anayekuja kumpa pole hatakiwi kufungua mdomo mpaka mfiwa mwenyewe aseme kwanza. (Washereheshaji wetu wa misibani, wenye vipaza sauti na ratiba, wangekosa kazi.) Talmudi ina habari moja ninayoipenda kuliko zote. Zamani, inasema, matajiri walipelekewa chakula cha msiba katika vikapu vya fedha na dhahabu, maskini katika vikapu vya fito zilizomenywa magome. Maskini wakaona haya. Ikaamuliwa basi kwamba kila mfiwa, tajiri kwa maskini, apelekewe chakula katika vikapu vya fito. Gharama za mazishi nazo zilikuwa zimepanda hadi ndugu wengine wakawa wanamtelekeza marehemu na kukimbia. Rabban Gamliel, kiongozi mwenye uwezo wake, akaagiza yeye mwenyewe azikwe kwa nguo ya kitani ya kawaida, na watu wote wakafuata.

Hapo ndipo naona wametuzidi. Kwetu fito zimegeuka dhahabu. Mfiwa wa Kijenge leo anatafuta sare za ukoo, mpiga video, matarumbeta, na pilau ya watu mia nne ambao nusu yao hawajui jina la pili la marehemu. Katika kikao cha msiba nilichohudhuria, saa nzima iliisha kwa kubishana ni mchungaji wa kanisa gani atakayesoma neno la mwisho, kwa kuwa marehemu alihama kanisa akiwa mgonjwa. Mjane alikuwa chumba cha pili. Ukuta wa mbao.

Hata Wayahudi nao hawakuacha kugawanyika, wala nisiwapambe. Wameshindwa kukubaliana hata juu ya siku zenyewe za kuwaombolezea hao wanafunzi: wengine huanza mara baada ya Pasaka, wengine husubiri mwezi wao wa Iyari uanze, wakamalizia mbele zaidi. Matokeo yake ni kwamba katika mtaa mmoja Myahudi huyu yumo ndani ya maombolezo na jirani yake anafunga ndoa. Wamegombana juu ya namna ya kukumbuka watu waliokufa kwa kutoheshimiana! Nilipolielewa jambo hilo nilicheka peke yangu kwenye daladala.

Katika karne ya 20 swali lilimfikia Rabi Moshe Feinstein huko New York, mmoja wa waamuzi wakubwa wa sheria zao. Rafiki yangu anaoa katika siku ambazo kwangu ni za maombolezo, niende au nisiende? Akajibu kwamba inaruhusiwa kwenda. Kwa mwenye arusi hizo si siku za maombolezo, na mgeni ana ruhusa ya kuingia katika furaha yake. Yaani unaweza kushika desturi yako barabara na bado ukaketi mezani kwa mtu asiyeishika.

Mwaka huu nilimpelekea yule mama wa Nkoaranga habari hiyo, maana niliona inamhusu yeye kuliko mtu yeyote ninayemjua. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, “Na huyo bwana arusi, siku zake za maombolezo zilipofika, mwenzake alipika?”