Je, Motokari ya Baba Ingali Ile Ile?

Ndugu msomaji, bila shaka umekwisha kusikia watu wakibishana juu ya jembe la babu. Mpini umebadilishwa mara tatu, chuma mara mbili, na bado wasema, "Hili ni jembe la babu." Mwenye chukudu naye ni vivyo hivyo: leo hubadili gurudumu, kesho ubao, lakini kwake chukudu ni ile ile. Sisi twacheka na kupita. Lakini hapa kwetu Musienene swali hili lilipata kuwa jambo la uzima na mauti, na mimi nilikuwamo.

Jirani yangu alirithi kwa baba yake motokari ya Peugeot 504, ile ndefu ya familia yenye safu tatu za viti. Aina hiyo ndefu ilianza kutengenezwa mwaka 1971, na ndugu zake walishinda mashindano ya Safari nchini Kenya mwaka 1975 na tena mwaka 1978. Marehemu mzee aliwachukua ndani yake akina mama wa soko na wagonjwa, akipanda na kushuka vilima hivi kwenda Butembo. Watu waliiamini kama walivyomwamini yeye.

Injini ya petroli ilipochakaa kabisa, kijana hakutaka motokari ioze chini ya migomba. Akanunua injini ya dizeli ya Toyota iliyokwisha kutumika, yenye nguvu kuliko ile ya kwanza na mpya kuliko hiyo kwa miaka mingi, akaifunga uani kwake akisaidiwa na fundi. Haikuwa kazi ndogo. Katika Peugeot hiyo chuma kinachopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma kimo ndani ya bomba lililoshikamana na giaboksi. Basi anayetaka kuunga giaboksi ya kigeni hana budi kukata, kupima na kuchomelea. Walihangaika majuma mengi. Siku injini ilipowaka, watoto walipiga vigelegele.

Baba yake mdogo akaja, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Mtoto wangu, hii si motokari ya kaka yangu. Sauti si yake."

"Hapana, baba," akajibu kijana. "Injini tu ndiyo mpya. Mengine yote ni yale yale."

Wakanigeukia mimi. "Mwalimu, wewe uliyesoma, tuamulie."

Nikawapa niliyojifunza seminarini. Plutarch, Mgiriki wa kale, asimulia kwamba Waathene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus kwa kuondoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakagawanyika: wengine walisema ni ile ile, wengine walikana. Naye Thomas Hobbes wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1655, akaongeza fumbo: kama mtu angaliziokota zile mbao za zamani na kuziunga tena, merikebu ya kweli ingekuwa ipi? Mimi nikakata shauri kwamba kitu hubaki kile kile maadamu umbo lake na kazi yake vyadumu. Kijana akafurahi. Nami nilijifurahia.

Siku ya soko akajaza watu, nami nikiwa mmoja wao. Tulipanda kilima kwa wepesi ambao motokari ile haikupata kuwa nao. Tulipoanza kuteremka, kijana alikanyaga breki, akazikuta ngumu kama jiwe. Akakanyaga kwa miguu miwili, akarudisha gia ndogo, akavuta breki ya mkono, na mwisho tukaegemea ukingo wa udongo. Hakuna aliyeumia.

Kumbe breki hazikuwa zimeguswa hata kidogo! Lakini breki za motokari ile husaidiwa na nguvu ya kunyonya inayotoka katika injini ya petroli. Injini ya dizeli hainyonyi namna hiyo. Yahitaji pampu ndogo kwa kazi hiyo. Injini iliyonunuliwa ilikuja bila pampu, na mpira wa breki ulikuwa umezibwa tu.

Hapo ndipo nilipoona kosa la hukumu yangu. "Mengine yote ni yale yale": neno hilo lilikuwa kweli kwa macho, na uongo kwa kazi. Kiungo kilichobaki kilikuwa kikiishi kwa msaada wa kile kilichoondolewa. Ni kama mtu aliyeondoa nyasi na kuezeka bati juu ya nguzo zile zile, asikumbuke kwamba upepo sasa utalikamata paa kwa namna nyingine.

Je, basi, vya kale viachwe vioze? Sivyo. Kutunza mali ya wazazi ni wema, na maskini hawezi kununua mpya kila mara. Lakini jina la zamani ni ahadi. Akina mama wale hawakupanda kwa sababu ya injini. Walipanda kwa sababu ya jina la mzee. Kijana aliwachukua kwa imani ambayo motokari yake ilikuwa haijaistahili bado, nami nilimpa ruhusa kwa maneno ya Kigiriki. Nchini Kenya hati ya motokari huonyesha namba ya shasi na namba ya injini pia, na abadilishaye injini hudaiwa kutoa habari. Yaani sheria hainyimi mtu motokari yake. Yamtaka aseme alichobadili.

Siku ile kijana alirudisha nauli yote, tukatembea kwa miguu. Alitafuta pampu, akakaza springi za mbele kwa ajili ya uzito mpya, akabadili breki, kisha akawaeleza watu wazi yaliyotokea. Wengine hawajapanda tena hata leo, na hawalaumiwi. Baba mdogo alimwambia, "Baba yako alikuwa akisimama juu ya kilima kujaribu breki kabla ya kuteremka." Tangu hapo naye husimama. Mzee sasa hupanda, hukaa mbele, ingawa bado aisema vibaya ile sauti.

Basi, ndugu msomaji, ukibadili kitu ambacho wengine wamekitegemea, iwe motokari, nyumba au desturi ya ukoo, usiulize tu kama kingali kile kile. Uliza ni vitu gani vilivyokitegemea kile ulichokiondoa, na ni nani atakayeketi ndani. Kisha mwambie kabla hajapanda.