Tunguu Lililo Udongoni Halijafa

Pasaka huangukia Machi au Aprili, na jijini Kampala huo ndio wakati mvua ndefu zinapoanza. Majuma hayohayo, katika vichaka na bustani za Uganda, huchomoza bua nene, mara nyingi kabla ya majani yake, likiwa limebeba kichwa chekundu cha mviringo kilichoundwa na vijiua vingi vyembamba. Wataalamu wa mimea huliita ua hili Scadoxus multiflorus. Ni mmea wa asili wa Afrika, nao huota kutoka kwenye tunguu lililokaa udongoni kiangazi kizima bila dalili yoyote juu ya ardhi. Mhubiri anayeliona likichanua wakati wa Pasaka hupata mfano wa bure: kilichozikwa kimefufuka. Huko Ulaya mfano huo umezoeleka kwa sababu maua ya tulipu na narsisi hutoka baada ya baridi kali, nasi tumeupokea pamoja na nyimbo na kadi za sikukuu. Mimi naupinga. Siupingi kwa kuukana ufufuo. Naona mfano huu unaupunguzia ufufuo uzito, na unaficha jambo jingine ambalo tunguu linatufundisha kwa haki kabisa.

Tulipasue tunguu kwanza. Ndani yake kuna magamba manene yaliyojaa chakula cha akiba, chini kuna kitako ambapo mizizi huanzia, na katikati kuna chipukizi. Katika tulipu, ua la msimu ujao huwa limekwisha kuumbika humo, dogo mno, miezi kadhaa kabla ya kuonekana. Tunguu lililolala linapumua na kutumia akiba yake kidogo kidogo. Tulipu huhitaji majuma 12 hadi 16 ya baridi isiyozidi nyuzi 9 hivi za Selsiasi ndipo bua lirefuke na kuchanua vizuri, na Kampala, iliyo karibu na ikweta kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, haina baridi hiyo. Anayetaka kuikuza huko hana budi kuyaweka matunguu kwenye friji kwanza, naye huonywa asiyaweke pamoja na ndizi mbivu, kwa kuwa gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda yanayoiva huweza kuliua ua changa ndani ya tunguu. Onyo hilo lina hoja nzito kuliko linavyoonekana: kinachoweza kuuawa hakijafa. Tena yapo matunguu yanayokufa kweli. Lipande tunguu kwenye udongo mzito wa mfinyanzi usiopitisha maji, ulimwagilie wakati limelala, nalo litaoza liwe uji wenye harufu mbaya. Hakuna mtunza bustani anayelingojea tunguu lililooza. Matumaini yake yanakoma pale kifo kinapoanza, na imani ya ufufuo inaanza papo hapo, kwenye kile kilichooza. Anayetumia ya kwanza kuthibitisha ya pili amethibitisha tu kwamba aliyelala huamka.

Mkristo atanijibu kwamba Mtume Paulo mwenyewe, katika sura ya 15 ya waraka wake wa kwanza kwa Wakorintho, alitumia mbegu inayozikwa, akasema haipati uhai isipokufa. Ni kweli, na pingamizi hili silichukulii kijuujuu. Lakini soma anakoelekea. Mkazo wake ni tofauti iliyopo kati ya kinachopandwa na kinachoota, na kwamba mwili mpya ni zawadi ya Mungu. Hasemi kwamba mbegu ina uwezo wa kujifufua. Mwislamu naye atataja aya za Kurani zinazoionyesha ardhi iliyokufa ikihuishwa kwa mvua kuwa ishara ya siku ya kufufuliwa. Hizo nazo hoja yake ni uweza wa Muumba juu ya ardhi kame, wala hazidai kwamba wafu wamehifadhi akiba ya uhai kaburini. Vitabu vyote viwili vinamwelekeza msikilizaji kwa Mungu. Mfano wa tunguu, kama unavyotumiwa siku hizi, unamwelekeza kwenye nguvu iliyofichika ndani ya kilichozikwa, na huo ni usemi tofauti.

Kilima cha Kasubi, jijini Kampala, ni mahali pazuri pa kuipima tofauti hiyo. Juu ya kilima hicho Mutesa I, kabaka, yaani mfalme wa Buganda, alijenga jumba lake mwaka 1882, akazikwa humo 1884, na wafalme watatu wa baadaye, Mwanga II, Daudi Chwa II na Mutesa II, wakaja kulazwa hapo pia. Kwa imani ya Kiganda, kabaka hatajwi kuwa amekufa. Ameingia kwenye msitu mtakatifu, nao upo ndani ya nyumba ile ile, nyuma ya pazia la nguo ya gome la mti. Mutesa I alikuwa amefunga Ramadhani kwa miaka kadhaa, kisha akawapokea wamisionari wa Kiprotestanti mwaka 1877 na wa Kikatoliki mwaka 1879, na habari za ufufuo alizisikia kutoka pande zote. Desturi ya kale ilikuwa kutenganisha taya la mfalme na mwili wake na kulihifadhi mahali pengine. Yeye alizikwa mwili wake ukiwa kamili, taya likiwamo, wa kwanza kufanyiwa hivyo. Sidai kujua moyoni mwake kulikuwa na nini. Naona tu kwamba kilima kimoja kilibeba mafundisho mawili bila kuyachanganya: moja linasema waliokufa watafufuliwa, jingine linasema huyu hajaondoka, basi mtunzeni.

Tunguu liko upande wa fundisho hili la pili. Anayeaminiwa kuwa bado yupo, ingawa haonekani, anadai kazi. Ndiyo maana Kasubi kuna wanawake wanaokaa na kulinda makaburi, kuna ukoo wa Ngeye wenye jukumu la kuezeka, na jumba kuu, Muzibu Azaala Mpanga, lilipoteketea kwa moto tarehe 16 Machi 2010, watu walilazimika kulijenga upya, kazi iliyochukua miaka mingi hata UNESCO ikaliondoa eneo hilo kwenye orodha ya urithi ulio hatarini Septemba 2023. Mtu anaweza kusema huko ni kukataa kukiri kifo. Huenda, kwa sehemu. Lakini upime mwenendo unaozaliwa na imani hiyo, nao ni uangalizi wa muda mrefu wa kitu ambacho mtunzaji hakioni. Uangalizi wa tunguu ni wa namna hiyo hiyo, na hauhitaji muujiza.

Lipo pingamizi gumu zaidi. Tunguu mama la tulipu huisha kabisa kila mwaka, na linalobaki ni matunguu mapya yaliyozaliwa ubavuni mwake. Mgomba nao, ambao huota kutoka kwenye tunguu lake ardhini na ndio chakula cha Buganda, huzaa mkungu mmoja, shina likakatwa, chipukizi likashika nafasi. Je, hapo hakuna kifo na uhai mpya? Vipo vyote viwili. Ila anayeishi ni mtoto, na aliyekwenda amekwenda. Huo ni uzao, na Waganda waliuelewa vyema: John Roscoe, katika kitabu chake kuhusu Baganda cha mwaka 1911, aliandika jinsi kondo la nyuma la mtoto lilivyozikwa kwenye shina la mgomba. Ufufuo unaahidi kitu kigumu zaidi, kwamba aliyekufa ndiye yeye atakayesimama.

Kwa hiyo nawaomba wahubiri wa makanisa ya Namirembe, Lubaga na kwingineko waliache tunguu bustanini Pasaka ijayo, wazungumze juu ya kaburi lenye maiti. Na wewe mwenye kipande cha ardhi mbele ya nyumba, chagua ua la huku lisilohitaji friji. Changanya udongo mwekundu na mboji na mchanga ili maji yapite, acha shingo ya tunguu iwe usawa wa ardhi, na uwakanye watoto wasilitafune, maana lina sumu. Maua yakisha usikate majani mabichi; hayo ndiyo yanayolijazia akiba ya mwaka ujao.