TAFAKURI YA LEO: DEBE LA MAABARA



Leo nasema na vijana wetu wa sekondari hapa Babati. Mnafanya jaribio la pendula, kile kizito kinachobembea kwenye uzi. Kitabu kinasema mvutano wa dunia ni 9.8, wewe umepata 8.9. Mwenzako ananong'ona: "Pika namba, mwalimu hajui." Je, hiyo ni dhambi, au ni mambo ya shule tu?

Kijana, umefunga. Ukijifungia chumbani ukanywa maji, nani atajua? Lakini hunywi. Basi aliyekuona chumbani anakuona na maabara.

Surat Al-Mutaffifin inawaonya wanaopunja vipimo. Tukiisikia tunamfikiria muuza mahindi na debe lake sokoni. Namba nayo ni debe.

Tena ile 8.9 ina faida: pengine kizito kilibembea mara 21, ukaandika 20. Ukiipika, kosa linajificha. Kesho uko maabara ya hospitali, umeshika damu ya mama wa mtu. Utapika tena?

Andika ulichopata, kisha tafuta ulipokosea. Nawe mzazi, kabla ya kuuliza alama ngapi, uliza kama alipima kwa haki.

Swaumu njema.