Hukumu ya Mpiga Picha: Kutoka Filamu hadi Dijitali Milimani Usambara

Kila picha ya mnato ni hukumu: kipi kiingie, kipi kibaki nje, na mwanga wa dakika ipi uhifadhiwe. Mpiga picha wa ridhaa, anayepiga kwa mapenzi yake bila kumtegemea mteja, huitoa hukumu hiyo peke yake. Alipoacha filamu na kushika kamera ya dijitali, wengi waliona mabadiliko ya gharama na ya ubora. Hayo yalikuwepo kweli, lakini zito kuliko yote ni kwamba hukumu ilihama. Zamani ilitangulia kubofya kitufe. Sasa sehemu yake kubwa hufuata baada ya kubofya. Lushoto na milima ya Usambara ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, maana ukungu, kivuli cha msitu na umbali wa mitambo ya kusafishia picha vilimbana mtu wa filamu kuliko alivyobanwa mwenzake wa mjini.

Filamu ya kawaida ya milimita 35 hutoa picha 36, na wepesi wake wa kupokea mwanga, unaopimwa kwa ISO, umeshapangwa kiwandani. Aliyepakia filamu ya ISO 100 asubuhi ili apige soko la Lushoto juani, akapanda mchana hadi msitu wa Magamba, aliingia msituni na filamu ileile. Chini ya miti mikubwa mwanga huwa hafifu mno. Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilikusanya mwaka 1892 na Hermann Wendland akalipa jina mwaka uliofuata, humea katika misitu ya milima hii kwenye miamba yenye unyevu na kivuli. Kulipiga kwa filamu ya namna hiyo kulihitaji stendi ya miguu mitatu, shata iliyo wazi kwa nusu sekunde au zaidi, na pumzi iliyozuiliwa. Upepo ukitikisa jani, picha imekwenda. Mwenye dijitali hupandisha ISO kwa picha moja, akaishusha kwa inayofuata.

Ukungu ulikuwa mtihani mkubwa zaidi. Kipima mwanga cha kamera hudhani kwamba kila kilicho mbele yake kina mng'ao wa kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye ukungu mweupe unaopanda kutoka bonde la Mazinde hadi ukingo wa Irente, hupunguza mwanga, na weupe wote hutoka ukiwa kama maji ya majivu. Dawa yake ni kuongeza mwanga hatua moja au mbili kinyume na kipima kinavyoshauri. Mtu wa filamu alipaswa kulijua hilo kabla hajapanda Irente. Asipolijua, alikuja kuambiwa na picha zenyewe, wiki kadhaa baadaye, ukungu umekwishatoweka na asikumbuke alitumia tundu gani la lenzi. Waangalifu walitembea na daftari dogo wakiandika kila picha na vipimo vyake. Kamera ya dijitali huonyesha grafu ya mwanga papo hapo, na kosa humrudia mwenyewe angali amesimama mahali alipolitenda. Hiyo ni faida ya elimu, na wanaoililia filamu huipunja thamani yake. Kujifunza kwa kosa lililopoa ni kazi ya wachache wenye bidii. Kosa la moto humfunza hata mvivu.

Muda huo wa kungoja una undani wake. Mwanga ukigusa filamu, ndani ya chembe ya chumvi ya fedha huundwa kishada cha atomi chache tu za fedha, nne zikitosha. Hakuna jicho linaloweza kukiona. Dawa ya kusafishia ndiyo inayoigeuza chembe nzima kuwa fedha, ikiukuza mguso ule takriban mara bilioni. Kati ya kubofya na kusafisha, je, picha ipo? Kwa kipimo cha Aristotle, aliyetenganisha kilichopo kwa uwezekano na kilichopo kwa utimilifu, picha hiyo ipo kwa uwezekano. Lakini kwa mpiga picha lililomgusa ni jingine: picha ilikuwepo bila kuweza kuhukumiwa, basi wala yeye hakuweza kujisahihisha.

Urefu wa kungoja ulitegemea kemia. Filamu ya rangi ya mfumo wa C-41 husafishwa kwa dawa yenye joto la nyuzi 37.8, na tofauti ya sehemu ndogo tu ya nyuzi moja huharibu rangi. Ndiyo maana kazi hiyo iliachiwa mitambo ya mijini. Nyeusi na nyeupe ilikuwa habari nyingine. Kipimo chake cha kawaida ni nyuzi 20, na katika mji wa Lushoto, ulio takriban mita 1,400 juu ya bahari, maji ya bomba hayako mbali na hapo. Aliyekaa Tanga alihitaji barafu. Aliyekaa Lushoto alihitaji chumba chenye giza tu, na uvumilivu.

Husemwa kwamba dijitali imeiondoa picha ile iliyofichika kati ya kubofya na kusafisha. Haijaiondoa. Kihisi cha kamera nyingi kimefunikwa na vichujio vya rangi kwa mpangilio aliouvumbua Bryce Bayer wa Kodak, uliopewa hataza mwaka 1976: nusu ya vichujio ni kijani, robo nyekundu, robo buluu. Kila nukta hupima rangi moja tu. Mbili zilizobaki hukadiriwa na programu kutokana na nukta jirani. Kwa hiyo theluthi mbili ya tarakimu za rangi katika picha ya Magamba hazikupimwa msituni, zilikokotolewa. Kinachoonekana kwenye kioo cha nyuma ya kamera ni tafsiri moja kati ya nyingi, na aliyeitafsiri ni mhandisi ambaye huenda hajawahi kuiona Usambara. Hukumu iliyohama kwenda baada ya kubofya haikuangukia yote mikononi mwa mpiga picha.

Hata hivyo filamu haikuwa na usafi ambao wanaoililia huisifia. Rangi zake nazo ziliamuliwa kiwandani, na kwa miaka mingi maabara zilisawazisha uchapaji kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe. Matokeo yake yalijulikana kwa kila aliyepigwa picha ya harusi: kanzu nyeupe inang'aa, na sura nyeusi iliyo juu yake imepoteza macho na mashavu. Mwenye faili ghafi ya dijitali anaweza kuurudisha mwanga usoni mwa bwana harusi bila kuiunguza kanzu.

Pamoja na hayo, dijitali ilileta uwezo ambao filamu haikuutoa: kufuta. Ukanda wa negativu hubaki na picha zake zote kwa mfuatano, nzuri na mbovu. Anayeutazama huona kinyonga alivyokosewa mara tatu kabla ya kupatikana, na huona mpiga picha alikuwa amesimama wapi. Anayefuta zilizoharibika hubaki na kumbukumbu inayomsifu kuliko anavyostahili. Faili, kwa upande wake, huandika yenyewe saa, kasi ya shata na tundu la lenzi, mambo ambayo daftari liliyakosa kila mvua iliponyesha. Asiyefuta ovyo ana ushahidi mpana kuliko mtu wa filamu. Anayefuta kila jioni ana ushahidi mdogo kuliko wake.

Swali la mwisho ni la asili na nakala. Nakala ya faili ni sawa na faili yenyewe, tarakimu kwa tarakimu. Negativu ni moja tu, na ndiyo iliyoguswa na mwanga uliotoka Irente siku hiyo. Picha ambazo Walther Dobbertin alizipiga Afrika Mashariki enzi za Wajerumani, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal, leo huonekana kwenye simu kwa sababu kuna waliozitunza hadi zikageuzwa kuwa dijitali. Hewa ya Usambara haina huruma ya watunzaji hao: unyevu huotesha kuvu kwenye jelatini ya filamu na huila picha taratibu. Mwenye bahasha za negativu kabatini azitie kwenye bati kavu lenye kifuniko, aandike majina ya watu waliomo wangali wanakumbukwa, na hata akishazinakili kidijitali asizitupe.