Nguvu ya Mwili ni Amana

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu Waislamu, twaulizwa na vijana: je, yafaa kununua unga na vidonge vya kuongeza nguvu? Swali hili lataka jibu la elimu, si la hasira.

Mwenye kutaka mazingatio na autazame mji wa Kikima, juu ya vilima vya Mbooni katika Makueni. Sisi watu wa pwani, tuliozoea njia tambarare, tukipanda huko twahema upesi. Mwenyeji hupita na mzigo wake akitusalimia. Siri yake haimo chupani. Hupanda kwa jitihada, hupumua penye tambarare, kisha hupanda tena. Na katika Ukambani hiyo ametoka Benson Masya wa Kitui, aliyeshinda nusu marathoni ya kwanza ya ubingwa wa dunia huko Newcastle mwaka 1992.

Wataalamu wametubainishia sababu. Ndani ya seli za misuli mna vijitanuri vidogo mno viitwavyo mitokondria. Hivyo huchoma chakula kwa oksijeni na kutengeneza ATP, nayo ndiyo sarafu ambayo msuli hulipia kila mwendo. Akiba yake ni ya sekunde chache tu. Sharti ifanywe upya daima. Mtu akikimbia kwa nguvu muda mfupi, akatembea apumzike, kisha akarudia, seli huona dhiki, zikaongeza vijitanuri. Mwaka 1967 John Holloszy wa Marekani alionyesha kwa panya waliofanyizwa mbio kuwa mitokondria zao zilizidi nguvu. Hivyo ndivyo Mola alivyoiweka faraja nyuma ya dhiki.

Na vidonge je? Hatusemi vyote ni bure. Kreatini husaidia kuifanya upya ATP katika jitihada fupi za ghafula. Aliyepungukiwa na madini ya chuma, tabibu akiisha mpima, hufaidika kwa kutibiwa. Lakini vitamini C na E zikinywewa kwa wingi mno, tafiti kadhaa zimeona zaweza kupunguza faida ya mazoezi. Kwani dhiki ile ndogo ndiyo iuamshayo mwili, na mwenye kuizima hujinyima. Tazameni hekima ya kukatazwa israfu!

Tena kuna hatari mbili. Vidonge vingine vimefunikwa kwa jelatini ya nguruwe. Vingine vimechanganywa kwa siri na dawa zilizopigwa marufuku, na Kenya ina sheria ya kuzizuia tangu 2016. Mchezaji akipatikana nazo mwilini, dhamana iko shingoni mwake, hata akidai hakujua. Na ashindaye kwa kujua kuwa amedanganya, ameila haki ya mwenziwe.

Ndugu zetu, tusiwalaumu vijana peke yao. Sisi wazee tumekaa barazani mchana kutwa, tumeiacha jitihada, kisha twawatuma dukani wakainunue. Mtume wetu, rehema na amani zimfikie, alishindana mbio na Bi Aisha, na akatufunza kumpenda muumini mwenye nguvu. Basi baada ya sala ya Alfajiri na tutoke na wana wetu: tuharakishe mwendo, tupumzike, turudie. Mzee na mgonjwa wa moyo wamwone tabibu kwanza.

Mwili ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Mola atupe afya, na atuwezeshe kuitumia katika twaa yake. Amin.