Hewa Isiyobisha Hodi



Msimu wa kupulizia mikorosho huku kwetu hauna siri. Kuanzia Masasi mpaka unapanda Newala, salfa inajitangaza yenyewe: macho yanawasha, pua inakataa, unajifunga kitambaa usoni. Hiyo ni hewa mbaya, lakini angalau inabisha hodi. Leo tuongee kuhusu ile isiyobisha.

Tarehe 23 Februari 1997 moto uliwaka ndani ya kituo cha anga cha Mir, watu sita wakiwamo. Walivaa barakoa za oksijeni, wakauzima. Sasa jiulize: unajuaje kwamba barakoa inaweza kuvuliwa? Kule hufungui dirisha. Moshi unaweza kuisha machoni na kaboni monoksaidi ikabaki, nayo haina rangi wala harufu. Kwa shida kama hiyo, wataalamu wametengeneza vipimo vya leza vya kutumika angani. Kila gesi hunyonya mwanga wa aina yake. Leza inapitishwa kwenye hewa, kipimo kinaangalia mwanga kiasi gani umepotea njiani, na gesi inajulikana hata ikiwa kidogo sana. Pua ikikaa na harufu inaizoea, leza haizoei.

Ndiyo maana naona Kanisa lina hekima kutuhimiza kutafiti dhamiri kila siku, si siku ile tu tunapojisikia vibaya. Dhambi iliyozoeleka hainuki. Umbeya kwenye grupu la kwaya, kwa mfano, nani anakohoa? Tunamwomba Roho Mtakatifu atumulikie, maana pua zetu zimeshazoea.

Lakini jamani, tusiishie rohoni tu. Juni na Julai Newala kuna baridi, na upepo wa Shimo la Mungu mnaujua. Kuna nyumba jiko la mkaa linaingizwa chumbani, mlango unafungwa, watu wanalala. Mkaa uliokolea hautoi moshi, basi mtu anadhani ni salama. Gesi ni ileile, inaua watu usingizini, na ukutani hatuna leza. Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, aliutaja hata moshi wa kupikia. Na Mwanzo sura ya 2 inatuambia pumzi ya bibi yako ilitoka kwa nani.

Jumuiya ikikutana wiki hii, kabla ya rozari, tuwaulize wenyeji wetu: usiku jiko linalala wapi?